Kwako Mama Chujio, Uliyeonja Maji ya Kila Nyumba

Mama, mwaka umezunguka tangu ulipolala usiamke. Bado kuna asubuhi tunaamka tukidhani uko bafuni, umelegeza bomba kidogo tu, unasikiliza maji yanavyoshuka. Halafu nyumba inatulia, nasi tunakumbuka.

Ulikuwa na tabia ya kuondoka ukiwa umekaa. Katikati ya mazungumzo macho yako yalitua ukutani, kijiko kikabaki hewani, na Baba akatuambia kwa sauti ya chini, "Mwacheni, amesafiri. Atarudi na jibu." Mara nyingine ulirudi nalo kweli. Mara nyingine ulirudi ukauliza, "Tulikuwa tunasema nini?" tukacheka mpaka chai ikapoa.

Ulionja maji ya watu. Kila nyumba uliyokaribishwa uliomba maji kabla ya soda, ukafumba macho, ukayazungusha mdomoni, kisha ukamwambia mwenye nyumba, "Haya yametoka kisima kirefu. Yamekaa na mawe muda mrefu." Baba alitazama viatu vyake kwa aibu. Wenyeji wengi walidhani ni sifa, wakakuongezea glasi nyingine.

Jikoni kwako ndoo zilipangwa kama wanafunzi mstarini. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye maua, ya kuogea yalikwenda chooni, na ya kufulia yalikuwa na safari yao ambayo hakuna aliyewahi kuielewa yote. Mkweo, alipokuwa bado mgeni kwetu, alinawa uso kwa ndoo isiyo yake. Hukumcheka. Ulimpa taulo ukamwambia, "Karibu, mwanangu. Sasa umekuwa wa hapa."

Chuoni wanafunzi walikuita Mama Chujio, nawe ulilipenda jina hilo kuliko cheo cha uprofesa. Chumba chako cha utafiti kilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi wa kitivo cha uhandisi, pampu zikinguruma taratibu mchana kutwa hata wageni wakasinzia vitini. Sisi wanao tulilala humo baada ya shule, kwenye benchi la dirishani, na sauti yako ilituingia usingizini ukiwaeleza vijana wako kazi ya utando ule, mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Unayasukuma maji ya chumvi kwa nguvu, maji yanapita, chumvi inabaki. "Inabaki wapi?" uliwauliza kila mwaka. "Umenionyesha ulichopata. Ulichobakiza umekitupa wapi?"

Swali hilo lilikugharimu.

Mji ulikozaliwa ni mkavu. Maji ya chini yapo, tena mengi, ila ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, meno ya watoto yanageuka kahawia, na mgeni akinywa anauliza kama kuna mtu aliyekosea. Huko ndiko alikobaki mdogo wako, fundi cherehani, ambaye ukoo mzima unamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Chuo kilipopata wafadhili wa kujenga mtambo wa kuondoa chumvi, uliomba ujengwe huko. Sindano akajishonea gauni jipya la siku ya ufunguzi.

Mtambo ukakamilika, mabomba yakapakwa rangi ya buluu. Siku chache kabla ya ufunguzi ulikwenda kukagua. Ulizunguka nyuma ya uzio, ukaliona shimo lililochimbwa na wajenzi kwa ajili ya yale maji makali yanayobaki baada ya kuchuja. Lilikuwa shimo la udongo mtupu, halikutandikwa chochote, na kwenye mteremko chini yake kulikuwa na visima vifupi vya kunyweshea mifugo. Chumvi yote ingeshukia huko, polepole, mwaka hadi mwaka. Ukakataa kutia saini.

Mkuu wa kitivo alipiga simu tukiwa mezani. Uliweka spika, labda ulitaka tusikie.

"Profesa, watu wana kiu."

"Najua. Mmoja wao ni mdogo wangu."

"Basi tufungue, tutarekebisha baadaye."

"Hiyo baadaye sijawahi kuiona ikija, mkuu."

Ufunguzi ukaahirishwa.

Sindano alikuja kwa basi. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, akakataa hata chai. "Dada," alisema, "wewe hapa unafungua bomba bila kufikiri. Sisi unatuambia tusubiri kwa ajili ya mbuzi." Ulikuwa na jibu la kitaalamu. Tuliliona limekufika mdomoni, ukalimeza. Alipoondoka ulisimama mbele ya bomba la jikoni muda mrefu bila kulifungua. Tangu siku ile hakupokea simu zako.

Ndipo ulipofungasha. Baba, ambaye hakuwahi kukuzibia njia, alikuuliza tu kama utahitaji blanketi zito. Ulipanga chumba kwenye mji ule, mtaa uleule, mlango ukitazamana na mlango wa mdogo wako, ukawa unakunywa maji yaleyale wanayokunywa wengine. Tulipokuja kukutembelea nywele zako zilikuwa ngumu kama ufagio na midomo imepasuka. Ulikuwa unacheka. "Hata chawa hawawezi kuishi humu," ulituambia. Ng'ambo ya barabara cherehani ya Sindano ilikuwa inalia, na dirisha lake limefungwa.

Mchana kutwa ulikuwa bondeni na wanafunzi wako. Mlichimba mabwawa mapana yasiyo na kina, mkayatandika udongo wa mfinyanzi na juu yake turubai nene, ili maji makali yakaukie juani yasipenye chini. Mkatafuta namna ya kuyapitisha kwenye utando mara ya pili, yakabaki machache ya kutupa. Na maji ya kuogea ya shule na zahanati, ambayo zamani yalimwagwa barabarani, mkayasafisha yakamwagilie malisho.

Katika msimu ule wa kusubiri, mtoto wa jirani yako aliugua kuhara baada ya kunywa maji ya dimbwi. Ulikaa na mama yake zahanati mpaka mtoto akapona. Ulipotusimulia, sauti yako ilikuwa ndogo. "Angekufa, ningemwambia nini huyu mama? Kwamba shimo halikuwa na turubai?" Wengine walikusifu baadaye kwamba ulikuwa sahihi. Wewe hukuwahi kusema hivyo. Ulisema uliamua, basi, na ukatuomba tubadilishe mazungumzo.

Kisa cha foleni ametusimulia Sindano mwenyewe, mwaka huu, ndiyo maana tunakijua. Asubuhi moja kisimani alijikuta nyuma yako. Alitazama kisogo chako, mtandio wako uliopauka, na ndoo yako iliyokuwa ikidondosha maji mguuni. Alikuwa ameapa kutokusemesha. Foleni ikasogea, naye akasogea.

"Ndoo yako inavuja," alisema.

"Najua," ulimjibu bila kugeuka. "Nilikuwa nasubiri mtu aniambie."

Mkayamimina maji yako kwenye ndoo yake, mkaishika wote wawili, mkarudi nyumbani, maji yakicheza katikati yenu. Hamkuombana radhi. Mlangoni alikuuliza kama umekula.

Siku maji yalipofunguliwa hapakuwa na mgeni rasmi, na jiwe la ukutani lilikuwa na majina ya watu wengine. Sisi tulinuna kwa niaba yako. "Jiwe halinyweki," ulisema. Sindano, ndani ya gauni lililokaa sandukuni muda wote huo, alipewa glasi ya kwanza. Akanywa. Watu wakamtazama koo.

"Hayana ladha," alisema.

Mji mzima ulicheka, wewe ukicheka kuliko wote, mpaka ukajifuta macho. Lakini wazee nao walilalamika kwamba chai yao imekuwa kama ya mgonjwa, nawe hukuyadharau malalamiko yao. Ulirudi kwenye mtambo, ukawa unayarudishia maji yaliyochujwa madini kidogo, unaonja, wanaonja, unaongeza, mpaka mzee wa mwisho akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni maji.

Halafu wakaja heroe. Hakuna ajuaye nani aliwapa habari. Mabwawa yalikuwa yameanza kuwa meupe kingoni, mbingu imelala ndani yake yote, na asubuhi moja ndege wale warefu wa rangi ya waridi walikuwa wamesimama katikati ya mbingu hiyo kwa mguu mmoja mmoja. Mlikuwa mkitembea kando yao jioni, wewe na Sindano, mkishikana mikono kama watoto wa shule, chumvi ikilia chini ya viatu. Baba akija kukuchukua ulimwambia angoje kidogo. Alingoja. Alituambia kwamba kwa mbali, kwa jinsi joto lilivyopepea juu ya maji, hakuweza kujua nani ni ndege na nani ni mke wake.

Ulipostaafu ulikuwa unakwenda huko kila mara. Moyo wako ulishachoka, daktari alitueleza, nawe ukamsikiliza kwa adabu kisha ukamuuliza maji ya hospitali yake yanatoka wapi.

Mchana ule wa mwisho ulikuwa kwa mdogo wako, umelala mkekani karibu na dirisha, upepo ukiingia na kutoka. Sindano alikuwa anashona pazia. Akasimamisha cherehani, akidhani inakukera.

"Endelea," ulimwambia macho yakiwa yamefumbwa. "Napenda hiyo sauti. Inakwenda kama pampu zangu."

Akaendelea. Alishona mpaka mwisho wa kitambaa, na alipotupa jicho kwako alikuona umetulia kuliko mtu anayelala. Alijua, Mama. Ametuambia kwamba alijua palepale. Lakini ulikuwa umemwomba aendelee, basi alikigeuza kitambaa akashona tena juu ya mshono uleule, taratibu, mguu wake ukikanyaga mpaka majirani walipokuja kubisha hodi kuchukua nguo zao.

Pazia lile lina mshono juu ya mshono. Limetundikwa sebuleni kwetu, na hakuna aliyeruhusiwa kulifumua.

Unakumbukwa na mumeo, anayeendelea kupanga ndoo jikoni ingawa anazichanganya. Na wanao, muuguzi na dereva. Na mkweo uliyempa taulo. Na wajukuu zako, ambao sasa wanafumba macho wakinywa maji na kutuaibisha ugenini. Na wanafunzi wako wa kitivo, waliosambaa kwenye nchi kavu nyingi. Na mdogo wako Sindano, aliyetuomba tuandike kwamba maji yana ladha, alikuwa anakutania tu.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote tutakazojaliwa.