Kwa Sifa, juu ya ile damu ya kichwani

Mpenzi Sifa, mupwa wangu,

Hapa kambini Dzaleka mvua hainyeshi mbele ya kupita kwangu kuuliza ruhusa. Kwa hiyo anayekuandikia si mutu wa kawaida. Mama yako ameniambia kwa simu kwamba huko mulikohamia unakataa kuvaa kile kiatu cha plastiki kinachoshika mguu wako wa kushoto, juu batoto ba shule banakucheka. Na kwamba umemuuliza: "Mi nilikosa nini?"

Jibu ninalo mimi. Nilikuwepo.

Ulizaliwa Lilongwe, hospitali kubwa, miezi miwili mbele ya siku yako. Kilo moja na kitu kidogo. Kule kwetu Kongo, Uvira, nilishavua samaki aliyekuzidi mara ishirini, kwa mukono mumoja. Siku ya tatu muganga akapitisha kamashine juu ya utosi wako, pale mufupa haujafunga, akaangalia ndani. Akasema kwa Chichewa, nami nikamutafsiria mama yako, maana Chichewa nakijua kupita Wamalawi wenyewe: damu imevuja kwenye ubongo. Batoto banaozaliwa badogo hivyo, mishipa yao ni laini, inapasuka yenyewe.

Mama yako akauliza, "Ni juu nilikuwa nabeba maji?"

"Hapana, mama," muganga akajibu. "Hakuna aliyekosea."

Shika hilo neno, Sifa. Lilisemwa mbele yangu.

Muganga akaendelea: damu itajinyonya polepole, kichwa kipimwe kila wiki kisikue mbio. Wengine banakua bila shida, wengine mguu ao mukono unakuwa mugumu, wengine masomo yanachelewa. "Leo hakuna anayeweza kuapa."

Baba yako alibaki Uvira, mama yako alishikwa na homa. Basi nesi akanivua shati, akakufunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani mwako. Siku kumi na mbili. Bamama ba wodi waliacha nsima, ule ugali wa huku, ipoe kwa kunitazama. Nesi akaanza kuniita "amayi", kama mama muzazi. Nilijibu zikomo, asante ya kwao, ningefanya nini?

Nyumbani tulitumia mita yangu ya kushonea. Mama yako anaizungusha kichwani, mi nasoma namba na kuandika ukutani kwa chaki. Kichwa kilikua taratibu, hakikuhitaji kupasuliwa.

Halafu akaja Mama Baraka, jirani, na mutoto wake aliyezaliwa wiki moja na wewe. "Wa kwangu anakaa. Wenu bado anaanguka kama gunia la mihogo?" Nilipanda minibasi mpaka Lilongwe kumushitaki kwa nesi. Nesi akacheka: "Mujomba, huyu munamuhesabu vibaya. Toa miezi miwili. Hesabu kutoka siku alipaswa kuzaliwa." Nilitangaza hiyo hesabu kambi nzima, hadi pasta alinyamaza nimalize.

Hata kwa hiyo hesabu, mguu wa kushoto ulichelewa. Kila asubuhi mama yako aliunyoosha namna alivyofundishwa, wewe unalia, mi naimba vibaya ili ulie juu ya wimbo wangu. Ulitembea ukiwa umeshapita miaka miwili, kutoka cherehani mpaka mulangoni. Ulisema, "Mujomba, toka njiani." Nilitoka.

Kwa hiyo jibu ni hili: hukukosa kitu. Mushipa ulipasuka mbele hujajua hata kunyonya. Mguu umekaza juu ya hiyo, na kiatu kinaunyoosha. Kivae. Anayecheka, mwambie ahesabu vizuri.

Nakuaga hapa, karatasi imeisha. Lakini kuna jambo. Siku mulisafiri, desturi ilitaka mujomba aweke kiganja juu ya kichwa cha mutoto amubariki. Mi niliweka begani, nikawaambia bantu kwamba kwetu Fizi njo hivyo tunafanya. Ilikuwa uongo. Tangu siku ya ile mashine, miaka sita yote, sikugusa kichwa chako hata mara moja. Niliogopa.

Mujomba wako,
kaka ya mama yako