Mpe Chai Aliyeileta Barua Hii

Nechells, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliyetulinda mpaka leo. Goti lako linaendeleaje? Mbaazi zimeshika, au mvua imekudanganya tena? Mimi huku ni mzima wa mwili. Baridi ni kali, lakini kazi ya kutunza wazee inaendelea na Mungu hajanitupa.

Kabla hujaendelea, tafadhali mkaribishe ndani huyu aliyekuletea barua, umpe kiti na chai. Ametoka mbali. Najua utamwita Kalasinga kwa sababu ya kilemba chake, hatakasirika. Huku ni dereva wa basi, mtu mpole. Kiswahili hajui ila sentensi moja tu, na hiyo nitakueleza. Mwache anywe, nawe vaa miwani usome polepole.

Ningekupigia simu, lakini kila nikitaja jina la Alfayo unakata. Hata siku ile nilipokuambia ndugu yangu amefariki, ulisema tu sawa, nimesikia, ukakata. Karatasi utaikunja, lakini itakungoja.

Ilikuwa saratani ya kongosho. Alilazwa kule Edgbaston, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Mimi kazi yangu ni kuogesha watu, Mwaitu, lakini ndugu yangu sikumwogesha hata mara moja, kwa sababu kila nilipofika nilikuta ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, amebadilishiwa shuka. Aliyefanya hayo anaitwa Ranjit. Ndiye yule ambaye hukutaka kusikia habari zake, yule ambaye Alfayo alimtaja kwenye redio ya huku akisema huyu ndiye mwenzangu wa maisha, na gazeti la Nairobi likalibeba neno hilo mpaka kwetu Masii. Najua wenzako wa kwaya walivyokusema. Najua pia ulivyompigia Alfayo ukamwambia asikuite mama tena, na airudishe leso yako aliyokuwa akiivalia upuzi mbele ya watu.

Hakuirudisha, na nataka ujue kwa nini. Ule mchezo wake wa jukwaani hukuwahi kuuona. Alikuwa anajifunga leso kiunoni, anainua mwiko, anakuwa wewe siku ile ulipomkamata mwizi wa kuku. Ulimchapa, ukamtukana mpaka babu zake, halafu ukamuuliza kama amekunywa chai. Mwizi akataka kujitetea, ukamkatiza: kunywa kwanza, chai hupoa, matusi hayapoi. Kwa maneno hayo Alfayo aliwavunja mbavu Wakenya, Wasomali na Wakongo wa mji huu, kisha Waingereza nao wakamchukua kwenye televisheni yao. Akiulizwa alisomea wapi uigizaji, alijibu jikoni kwa mama yake. Hakuwa akikucheka, Mwaitu. Alikuwa na hamu yako.

Siku za mwisho sauti ilimwisha. Muuguzi mmoja, kwa nia njema, alimwomba amfanyie ile ya mwizi. Akafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Tukainama wote. Ndipo Ranjit akamshika mkono na kuisema ile sentensi yako ya chai na matusi, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, mpaka mwisho. Alfayo akacheka kwa mabega. Baadaye aliniuliza kwa midomo kama umepiga simu. Nilimwambia mtandao wa Masii ni mbaya. Asubuhi yake hakuamka.

Mjomba alisema shamba halina nafasi ya mtu kama yule, nawe hukutia neno, basi tukamzika huku. Mbele ya ukumbi alikokuwa akiigiza, watu wasiojua hata Kenya iko wapi waliacha vikombe vya chai badala ya maua. Mvua ikanyesha ikavijaza vyote. Mchungaji alikubali kumwombea, ila akataka ibada iwe fupi na utani usisikike. Mtu aliyechekesha mji mzima akazikwa kama aliyekufa na deni.

Ranjit alikalishwa nyuma kabisa. Makaburini mzee mmoja wa kamati ya mazishi akamwagiza asogeze gari la maiti, akidhani ndiye dereva. Akajibu kwa adabu kwamba yeye huendesha basi, hilo si lake. Kisha ikafika zamu ya kutupa udongo kaburini. Waliitwa ndugu, binamu, kanisa, kikundi cha akina mama. Habibo, jirani yangu Msomali aliyelelewa Garissa, akauliza kwa sauti kama siku hizi Wakristo huzika bila mwenye maiti. Akaambiwa anyamaze, hayamhusu. Akasema amekunywa chai nyumbani kwa marehemu mara nyingi, na aliyekuwa akimmiminia yuko pale nyuma ya gari. Akaenda mwenyewe, akamtilia udongo mkononi. Ranjit hakuutupa. Aliushikilia kwenye mvua mpaka ukawa tope, ukamchuruzika.

Mimi sijaacha wokovu, Mwaitu. Yako mambo nisiyoyaelewa, na nimeyaweka miguuni pa Mungu. Lakini mikono naijua. Nimeona inayoogesha kwa mshahara, yangu ikiwamo, na nimeiona ile ya Ranjit.

Najua sasa umeinua macho ukamtazama. Ndiyo, ni yeye. Sikuandika hivyo juu kabisa kwa sababu ungefunga mlango. Katika mfuko ulio miguuni pake imo leso yako. Ameifua na kuipiga pasi. Nilitaka kuituma kwa posta, akakataa, akasema mama aliidai irudi, basi itarudi kwa mkono. Hakuja kuomba chochote cha Alfayo. Anachotaka ni kuliona lile jiko, basi.

Ukitaka kumfukuza, nyumba ni yako. Mtukane, hataelewa, na mimi sitakulaumu. Lakini tazama kikombe chake kwanza. Kama bado kina chai, sheria ya nyumba hiyo unaijua kuliko mimi.

Nisalimie wote hapo, na wale wa kwaya pia. Bwana akushike mkono usiku huu.

Ni mimi, mwanao aliyebaki,
Mumbua