Nyumba ya Nani

Jumatatu, 3 Juni 1912

Asubuhi suruali mbili za askari na kanzu moja. Baada ya adhuhuri, barua. Sindano inanilisha, kalamu naitoa bure kwa wapangaji wa hapa Songea, maana huko bomani asiye na barua husikilizwa mwisho, na akichoka kungoja hurudi kwao. Barua zangu hazijashindwa bado. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Leo kaja Mama Gama, mjane wa vita vya Maji Maji. Tajiri Abdala anataka atoke na watoto wake watatu kabla ya Jumamosi, apate pa kuweka ghala la nta. Kila mavuno mama humpelekea ulezi wa kodi. Hajakosa hata mara moja. Nimeandika ukurasa mmoja, mwandiko safi, nimeupeleka mwenyewe bomani. Shauri ni Alhamisi. Tutashinda.

Jumanne, 4 Juni

Nimeharibu.

Mama Gama alikuja kusomewa nakala. Nikaanza kwa mbwembwe, kwa maneno niliyomwandikia: "Mimi nakaa katika nyumba ya Abdala." Akanikatiza. "Nyumba ya nani, fundi?"

Kumbe Abdala ana kiwanja tu. Baada ya vita mama alikanda udongo mwenyewe, kaka zake wakakata miti na kuezeka. Ulezi ni kodi ya kiwanja. Lakini mji mzima tunasema "nyumba za Abdala", na mimi nikaandika kama mji unavyosema. Kwetu Kilwa hata mtoto anajua: mwenye kiwanja mbali, mwenye nyumba mbali. Nami ni mtu wa Kilwa! Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Jumatano, 5 Juni

Bomani kuomba barua yangu. Karani kakataa. Imekwisha kufasiriwa Kijerumani, iko mezani kwa bwana shauri, Mjerumani anayehukumu kesi. Akanicheka.

Nimeshona kola upande. Nimefumua. Hasira zote ni juu yangu mwenyewe. Lakini siogopi. Kalamu imekosa, mdomo upo.

Alhamisi, 6 Juni

Barua ilisomwa mbele ya wote; Abdala kasimama, kasema yenyewe inakiri nyumba ni yake. Ati shahidi wake ni mimi! Watu wakaangua kicheko. Nikasimama, nikasema kosa ni langu, si la mama. Bwana shauri akauliza kupitia mkalimani: basi nani alijenga? Abdala akajibu kuwa ni yeye, kwa mikono yake.

Mama Gama akaomba ruhusa ya kusema. Akamtazama Abdala, hakupandisha sauti.

"Shikamoo, mzee. Nguzo ya kati ni ya mti gani?"

"Mninga. Niliuchagua mwenyewe."

Mama akamgeukia mkalimani. "Mwambie bwana, nyumba yangu haina nguzo ya kati."

Askari akatumwa kwenda kutazama. Karudi anahema: kweli, hakuna. Hukumu: mama akae. Abdala akitaka kiwanja chake kitupu, kwanza ainunue nyumba, na mama asipotaka kuuza, basi.

Nilitaka kuruka, nikajizuia. Furaha tele. Ila maneno yaliyoshinda si yangu, na hilo limeniuma kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala nimepita kwa Mama Gama. Kanikaribisha ndani, kanipa uji wa ulezi. Nje baridi kali, ndani moto mzuri.

Nimetazama juu. Miti ya paa imeegemea kuta, imefungwa kwa kamba za magome, imara kabisa. Katikati, pale ambapo ningeweka nguzo, watoto watatu wamekaa wanamenya karanga.

Miaka mitatu napita mlangoni pale kila siku, na sijawahi kuingia. Jana ningeulizwa mimi, ningesema mninga.