Vitunguu, vitunguu, halafu Rahma

Jumapili, Barking, huku ughaibuni. Mvua tangu alfajiri, na mimi moyo mweupe kabisa.

Wiki nzima nilikuwa sisemezeki. Mdogo wangu Rahma ameolewa Pemba, na Mama hakuweza kwenda kwa sababu goti lake ndiyo kwanza limefanyiwa operesheni. Siku ya harusi alijifungia chumbani, akasema amechoka. Kuchoka gani kule, nilimsikia analia.

Video ikaja kwenye flash, faili moja kubwa mno, tena limeharibika. Kila player inalikataa. Mimi nikajitia fundi, maana kazi yangu ni programming: nikaandika programu ndogo kwa lugha ya C, ya kusogea hadi mahali ninapotaka ndani ya faili na kukata kipande kuanzia hapo.

Mwanzo nikaona wanawake wanamenya vitunguu. Nikaruka mbele, kwa bibi harusi. Vitunguu. Nikaruka mbele zaidi.

Vitunguu vilevile.

"Harusi gani hii ya vitunguu?" Mama akauliza.

Ijumaa kazini nikamweleza Hitesh, mwenzangu anayekaa Kenton, mzaliwa wa Mombasa. Hakunicheka. "Dada, hiyo fseek uliiuliza kama imefika?"

Wallahi sikuiuliza. Fseek ndiyo inayosogeza mahali pa kusomea, na ikishindwa inakwambia, ila mimi jibu lake nilikuwa silitazami. Kwenye laptop yangu ya Windows inapokea namba ya aina ya long, na long inaishia gigabaiti mbili. Rahma alikuwa mbele ya hapo. Namba ikageuka hasi, fseek ikagoma, programu ikasoma mwanzo wa faili bila wasiwasi wowote. Nikaweka _fseeki64, inayopokea namba kubwa zaidi, na safari hii jibu nalitazama.

Mungu ambariki Hitesh na watoto wake.

Leo baada ya adhuhuri nikamkalisha Mama mbele ya laptop, mguu juu ya stuli. Rahma akatokea, kakaa kwenye kiti chake, macho chini kama inavyompasa bibi harusi. Kisha akayainua, akaangaza huku na huku ukumbini.

"Ananitafuta mimi," Mama akasema.

Akalia, safari hii mbele yangu, na kwa hilo nashukuru kuliko yote. Akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Goti likipona tu namkatia tiketi, na kazini waseme watakavyo.