Picha Kumi na Tano za Mama

Dada Eliakunda, shikamoo.

"Mama amepoteza lugha, tumhamishie Dar." Ndivyo ulivyoandika baada ya kusikia majibu ya hospitali. Nakataa! Mimi nilikuwepo. Daktari alifupisha kipimo ili asimchoshe: picha kumi na tano, ataje kila kilichochorwa. Kufupisha si kosa. Lakini alibakiza piano, meli ya kivita na nyumba ya barafu, kwa mwanamke wa Akheri anayegombeza kuku kwa Kimeru! Mama aliipita piano kama ampitavyo mlevi njiani.

Leo mvua imekatika, akaja mmoja wa hawa wanunuzi wapya wa soko huria, akamwonyesha kiganjani punje mbovu za kahawa, eti ni za Mama, ili ashushe bei. Mama akachambua punje moja moja. "Hii imetobolewa na mdudu. Hii imeunguzwa na jua. Zote umezitoa mfukoni mwako, baba, si zangu. Na wewe ni mwongo." Jamaa aliondoka bila kuaga.

Sitakuficha, dada. Alipotupakulia loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, aliushika upawa akautazama, jina lisije. Nilitaka kumtajia, nikajizuia. Maziwa yakachuruzika mezani. Kisha akalitaja polepole, kwa Kimeru, akatabasamu.

Basi wewe na ndugu yetu Anaeli, vunjeni hicho kikao cha kumhamisha. Njooni Pasaka, mlale hapa wiki nzima, mzungumze naye Kimeru. Na akisita, msimtajie. Mngojeni.

Mdogo wako akupendaye,
Nderingo