Kutu Aliyoisugua Mama

Kinondo, Jumatano

Kaka Ishak,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Mbuzi wa jirani amezaa, na maji ya kisima yamezidi chumvi.

Uliuliza kazi yangu yaendaje. Wakumbuka kile kibati nilichokizamisha majini na kukiunga na sola, oksijeni ikatoka kwa mapovu? Nguvu yake ya kupasua maji ilikuwa katika utando wa chuma na nikeli, mwembamba kuliko vumbi, nilioutafuta miaka mitatu ili tusihitaji madini ya ghali. Kwa macho ulifanana na kutu tu.

Juzi nilikwenda Msambweni. Ramadhani yakaribia, na wamjua mama: aliteremsha vyombo vyote akavisugua kwa jivu na makumbi ya nazi. Niliporudi akanipa kibati kiking'aa.

"Nimekutolea ile kutu, mwanangu. Wageni wako wangekionaje vile?"

Wageni hao ndio wafadhili wa utafiti. Waja kesho kukitazama.

Nilimwambia ahsante. Nimechoka, kaka. Ukimpigia simu, usimwambie kitu. Aliniuliza kama viko vingine avisugue. Nikamwambia kilikuwa hicho kimoja tu, na hapo sikusema uongo.

Mdogo wako,
Salwa