Gari la Dada Yako Limefika

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu

Mpendwa shemeji yangu,

Hujambo? Mgongo unasemaje tangu uanguke kutoka paani? Na hicho kiti cha magurudumu umekizoea, au bado unakitukana? Mimi nina nguvu kama mashine, magoti tu ndiyo yanalia. Mwandiko wangu usiucheke. Darasa la tatu niliacha kwa hiari yangu, mwalimu mwenyewe alikuwa hanifikii kwa hesabu.

Siku ya msiba nilikupigia, na sikulaumu kwamba hukuweza kufika mazishini. Lakini nilikwambia gari lilichelewa kiwandani. Nilidanganya.

Dada yako, tangu kiharusi kilipoua miguu yake na mkono mmoja, alikuwa na ombi moja tu: aje akuone. Basini hapandishiki. Nikasema mke wangu hapandi gari la kuazima, nitamwagizia jipya kabisa, lenye lifti ya nyuma ya kuinua kiti chake. Mtaa huu mzima hakuna aliyewahi kuagiza gari kiwandani. Ni mimi tu.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa miwani, mkavu. Akanitajia bei. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, mimi bei ya kwanza huwa siisikii."

Akasema, "Mzee, hili si koti la mtumba. Oda zinaondoka mara moja kwa mwezi. Usiposaini leo, unangoja mwezi ujao."

Nikainuka nikaelekea mlangoni polepole, kama kawaida yangu. Shemeji, maisha yangu yote nimeitwa nirudi kabla sijashika kitasa. Yule mama hakuniita.

Mwezi uliofuata nikarudi, nikatoka tena. Na mwezi wa baada ya huo vile vile. Dada yako akaniambia, "Mbishi, saini tu. Ndugu yangu anazeeka." Nikamwambia anyamaze, mambo ya biashara hayajui. Hilo neno linanichoma mpaka leo.

Nilipokwenda mara ya nne, mwezi mwingine tena, wakapunguza. Kidogo, pamoja na mazulia ya miguuni bure. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Dada yako akacheka na mimi, kisha akauliza, "Linafika lini?" Akahesabu miezi kwa vidole vya ule mkono wake mzima.

Alifariki Jumanne. Gari likafika baada ya siku ishirini na sita. Ile miezi mitatu niliitupa mimi, kwa ajili ya mazulia.

Lipo hapa nje ya dirisha. Jeupe, zuri, huoni jingine kama hilo. Yule mama alisema wanaweza kuing'oa lifti wakaweka viti vya kawaida. Nilimkatalia, safari hii bila kupandisha sauti.

Kuomba radhi sijui, unanifahamu. Kuendesha najua kuliko wote. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua, wewe na kiti chako, nikupeleke kaburini kwake ukae naye unavyotaka. Mimi nitangoja garini. Ukikasirika, niandikie unitukane. Ukikataa, nitakuja hivyo hivyo, nitaegesha mlangoni kwako mpaka utoke.

Msalimie mkeo, na yule binti yenu mkunga. Mungu akupunguzie maumivu, akupe na moyo wa kunitazama.

Wako akupendaye, hata kama wewe kwa sasa huwezi,

Mbishi